Kadi ya Kaka Mfaume

"Na huyo mfanyakazi wenu akishamaliza kazi, anajuaje kwamba amemaliza?"

Bi Mwanaidi aliniuliza hivyo akiwa amekalia mbuzi ya nazi jikoni kwake, Kisarawe. Nilikuwa nimetoka kumweleza kazi yangu kwa mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani nauza simu. Nilimwambia kwamba ofisini kwetu tuna akili mnemba zinazoandika programu za kompyuta, kwamba zinachukua kazi mojamoja kutoka kwenye orodha, zikimaliza zinaandika "imekamilika" na kuchukua nyingine, na kwamba mimi ndiye ninayeandika mwongozo wa kuzielekeza namna ya kuitumia orodha hiyo. Alisikiliza vizuri, akageuza kifuu mkononi, ndipo akauliza swali lake. Nikajibu upesi kwamba kuna majaribio. Yakipita, kazi imekwisha. "Na anayejaribu ni nani?" "Ni yeye mwenyewe, shangazi." Akacheka mpaka akaacha kukuna. "Yeye mwenyewe! Kama mwanafunzi anayejisahihishia daftari!" Mfaume, mtoto wa kaka yake, alikuwa ameegemea mlango akimenya nanasi, akanitazama aone nitajitetea vipi. Sikujitetea. Nilisema kisamvu kinanukia vizuri.

Mwezi uliopita nilirudi jikoni mle, na ndiyo sababu naandika haya. Kundi letu la simu la ofisi ya zamani, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa halina kitu zaidi ya salamu za sikukuu, lilipata ujumbe asubuhi ya Jumanne: Innalillahi, Mfaume Pazi hatunaye, ameugua siku chache tu. Nilikuwa kazini Zegereni, kwenye kiwanda ambacho sasa nakiandikia miongozo ya mashine. Mashine hizo hazisomi ninachokiandika, na jambo hilo hunipa amani kuliko watu wanavyodhani. Nilisoma ujumbe ule nimesimama, nikaiweka simu mfukoni, nikamaliza ukurasa niliokuwa nao. Kisha nikaenda nyumbani kutafuta mwavuli.

Mwaka ule wa swali la Bi Mwanaidi nilikuwa nimemaliza chuo na sikuwa naamini kitu. Sisemi dini. Nasema nilikuwa siwezi kupita karibu na kanuni bila kuuliza nani kaiweka, na mwenzangu akijibu nasikiliza jibu nikitafuta tundu. Jina langu ni Consolata lakini ofisini waliniita Kwa Nini, nami nililivaa jina hilo kama cheo. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga pale Mkuza, vyumba vitatu na sebule. Sebuleni kulikuwa na meza nne, feni moja iliyopiga kelele upande wa mlangoni, na dirisha lililotazama pipa la maji la mwenye nyumba, ambako kuku wake walikuja kunywa kilichovuja. Bosi wetu alikuwa Elibariki, kijana mwenye haraka, aliyekula amesimama. Kila siku saa saba Mama Grace alituletea chakula kwenye vyombo vya plastiki vyenye majina yetu, wali na maharage, siku nzuri na samaki, na tulikula wote kwenye meza moja tukiwa tumesukuma kompyuta pembeni. Ukitaka kujua ofisi ile ilikuwa inaendeshwa wapi, ilikuwa ni kwenye meza ile. Mambo ya maana yalisemwa mtu akiwa na tonge mkononi, na hakuna aliyeyaandika.

Zile akili mnemba tuliziita vibarua. Aliyeanza ni Eli mwenyewe, na jina likakaa, kwa sababu zilifanya kama vibarua wanavyofanya: zinakuja asubuhi hazijui jana kulikuwa na nini, unazieleza upya, zinachapa kazi, zinaondoka. Kilichowaunganisha vibarua wale na sisi ni ubao. Ubao ulikuwa ukurasa kwenye kompyuta wenye kadi, kila kadi kazi moja, na kila kadi ilikuwa na hali yake: haijaguswa, imeshikwa, imekwama, imekamilika. Mwanzoni kibarua alichukua kadi aliyopewa tu. Eli akachoka kugawa kadi. Alitaka vibarua wajichukulie wenyewe, usiku na mchana, na kwa hiyo walihitaji mwongozo wa kuwaambia kadi ipi ichukuliwe, lini, na nani. Niliajiriwa kuuandika. Ni kazi ya ajabu, kumwandikia msomaji ambaye atatenda kila neno na hatakupigia simu kuuliza. Mtu akisoma mwongozo mbovu anakuna kichwa, anamwita mwenzake. Kibarua hakuni kichwa. Ulichoacha kuandika, kwake hakipo duniani.

Kaka Mfaume alikuwa na miaka arobaini na kitu, mkubwa kuliko sote, na hakuwa mtu wa kompyuta. Aliajiriwa kwa sababu programu yetu kubwa mwaka ule ilikuwa ya vikundi vya wakulima wa korosho, na yeye ni wa Kisarawe, anajua njia, anajua nani anaitwaje na kwa nini hazungumzi na nani. Alikuwa msahaulifu wa vitu vidogo mpaka ikawa burudani yetu. Aliacha chaja hotelini, aliacha kofia ya pikipiki msikitini, na miwani yake tuliitafuta sote karibu kila wiki, wakati mwingine ikiwa kichwani pake. Mama Grace alikuwa akiweka vyombo mezani anauliza, "Mfaume, mdomo umekuja nao leo?" Naye anajibu, "Umekuja, Mama Grace, ila meno nimeyaacha Kisarawe." Alicheka kwa sauti kubwa kuliko mtu mwingine yeyote, na sasa ninapokumbuka kicheko kile nakumbuka pia kwamba sisi ndio tuliomfundisha kuamini kwamba hawezi kujitegemea kwenye kumbukumbu zake. Hatukukusudia. Lakini mzaha ukirudiwa kila siku saa saba mchana, mwezi baada ya mwezi, mwenyewe anaanza kuutumia kujieleza.

Kulikuwa na kadi moja kwenye ubao yenye jina lake, na ilikaa palepale tangu nilipoanza kazi. Iliandikwa: "Ondoa majina yanayojirudia kwenye orodha ya miche." Masika yalikuwa yanakaribia, wakulima walikuwa wanagawiwa miche ya mikorosho, na orodha ya watakaogawiwa ilitoka kwenye programu yetu. Orodha ilijaa majina yaliyofanana. Mimi niliona ni kazi ya nusu saa: jina lilelile, kijiji kilekile, namba ya simu ileile, unaunganisha, unaendelea. Nilimtania kila tulipokutana. "Kaka Mfaume, kadi yako imeota nyasi." "Acha iote, mdogo wangu. Majibu yake hayako kwenye hiyo kompyuta." "Yako wapi?" "Panda pikipiki nikuonyeshe."

Ndivyo nilivyofika Kisarawe. Tulikatiza Kiluvya asubuhi, tukaingia kwenye njia za mchanga mwekundu kati ya minazi na mashamba ya mihogo, na kufika kwa shangazi yake tulikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Bi Mwanaidi Salum Pazi alitupokea uani. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye yule wa maswali?" Kumbe habari zangu zilikuwa zimetangulia. Alitupa maji, akatuonyesha shamba lake nyuma ya nyumba, ambako alikuwa amechimba mashimo kumi na mawili kwa mkono wake, yamepangwa kwa kamba, kila moja limepumzika na samadi chini, yanangoja miche. Aliingiza mguu kwenye shimo moja kunionyesha kina, likamfika gotini. "Nikishapanda haya," akasema, "silimi tena mihogo ya watu." Alikuwa analima mihogo kwenye shamba la jirani, kwa kugawana mavuno, na alikuwa karibu miaka sitini. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya mashimo yale. Nililiona kwa macho yangu, siwezi kusema sikujua.

Halafu Mfaume akanipeleka nyumba ya pili. "Shikamoo." "Marahaba." "Mtaje jina lako, mama, huyu binti asikie." "Mwanaidi Salum Pazi." Nyumba ya tatu, ng'ambo ya kisima cha madrasa: Mwanaidi Salum Pazi, mwalimu wa watoto wa Kurani, rika moja na wa kwanza. Bibi mmoja aliyekufa zamani alikuwa amerithiwa jina na wajukuu wa nyumba tatu, na baba zao, ndugu wa ukoo mmoja, nao wote waliitwa Salum kwa sababu ya babu mwingine. Kijijini hakuna aliyepata taabu. Walikuwa Mwanaidi wa Kisimani, ndiye shangazi yake Mfaume, Mwanaidi wa Mnazini na Mwanaidi Mwalimu, basi. Simu waliyoiandikisha ilikuwa moja, ya kijana wa duka anayepokea ujumbe wa watu wote. "Sasa niambie," Mfaume alisema tukirudi, "kompyuta yako ina safu ya Kisimani?" Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, na daftari la shule lenye jalada la bluu, anaandika nani ni nani. Ndiyo maana kadi ilikuwa haisogei. Tulirudi kwa shangazi tukala bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi, tumekaa kwenye mkeka, na Bi Mwanaidi akaendelea kuninyooshea mkono na kusema, "Anajisahihishia mwenyewe!" akicheka peke yake.

Wiki iliyofuata, mezani kwa Mama Grace, ilikuwa siku ya samaki. Mfaume alikuwa anatoa miba kwa uangalifu, anaipanga ukingoni mwa sahani. Bila kuinua macho akasema, "Dada Conso, kwenye huo mwongozo wako uandike kadi iliyoshikwa na mtu isiguswe na kibarua. Hata ikikaa kimya mwezi. Mpaka mwenyewe aiachie." Nikauliza kwa nini, kama kawaida yangu. "Kwa sababu mtu akikaa kimya huenda anatembea." Nikasema sawa. Na niliandika. Mchana uleule, kwenye rasimu iliyokuwa kwenye kompyuta yangu peke yangu, niliandika sentensi ile karibu kama alivyoisema.

Kisha Eli akasema mwongozo ni mrefu mno. Kibarua aliusoma wote kabla ya kila kazi, na ukiwa mrefu alichelewa na kuchanganya mambo ya mwanzo na ya mwisho. Nilitakiwa kuupunguza kwa nusu kabla ya Jumatatu. Ijumaa alasiri, wenzangu wakiwa wameondoka, Mfaume akiwa ameshaaga kwamba anaelekea vijijini wiki nzima kumalizia daftari lake, nilikaa na feni ile nikikata. Naikumbuka sentensi yake ilivyofika kwenye skrini. Sikuikata kwa bahati mbaya. Niliisoma, nikajiuliza kwa nini binadamu apewe ulinzi ambao kibarua hana, kwa nini uzembe wa mtu ulindwe kwa maandishi, na nikajipongeza kwa swali zuri. Mistari mitatu juu yake kulikuwa na kanuni yangu mwenyewe, niliyoipenda kwa ufupi wake: kadi isiyosogea kwa siku tatu ihesabiwe imeachwa, na kibarua yeyote aichukue. Nikaiacha hiyo, nikafuta yake. Nilisema nitamwambia akirudi. Nimeshajiuliza mara nyingi jinsi mtu anayehoji kila kitu alivyoweza kutoihoji kanuni aliyoitunga mwenyewe, wakati wiki mbili nyuma alikuwa amesimama kwenye uwanja wa Mwanaidi wa tatu. Naona tu kwamba kuhoji, kwangu, kulikuwa ni kuhoji wengine.

Mwongozo ulianza kutumika Jumatatu, na siku zikaanza kuhesabiwa hapo. Alhamisi kibarua mmoja alipitia ubao, akaona kadi ya Mfaume haijasogea siku tatu, akaichukua. Alifanya kazi safi. Aliunganisha kila jina lililofanana kwa jina, kijiji na simu, akajaribu, majaribio yakapita, akaandika chini ya kadi: "Rekodi zinazojirudia zimeunganishwa. Kazi imekamilika." Niliiona kadi ikihamia upande wa kijani, wa zilizokamilika. Niliiona. Nilifikiri Mfaume ameimaliza, au nilitaka kufikiri hivyo, na nikaenda kunywa chai. Ijumaa orodha ikatumwa. Jumamosi miche ikagawiwa.

Bi Mwanaidi wa Kisimani alipanga foleni tangu asubuhi na tenga lake. Alipofika mbele aliambiwa jina lake limeshachukuliwa. Akasema aliyechukua ni wa Mnazini. Wagawaji wakamwambia, "Mama, hapa kuna Mwanaidi Salum Pazi mmoja, na ameshatia dole gumba." Mwanaidi Mwalimu alikuwa nyuma yake, akaambiwa vilevile, na kina Hamisi Juma Hamisi, na wengine wa majina ya babu zao. Wengine waligombana, wengine walidhani jirani kawaibia, na kuna nyumba mbili ambazo, nilisikia baadaye, hazikusalimiana mpaka mfungo. Bi Mwanaidi alirudi na tenga tupu. Mvua ilianza wiki ileile.

Tulikaa kikao Jumatatu, watu watatu, Eli, Mfaume na mimi, chapati za Mama Grace zikiwa mezani zimefunikwa na hakuna aliyezifunua. Mfaume alikuja na daftari la bluu limelowa pembe. Alikuwa ameliandika lote. Majina yote, nyumba zote.

"Kadi ilikuwa ya nani?" Eli akauliza.

"Yangu."

"Hukuigusa siku ngapi?"

"Nilikuwa naigusa kila siku, Bosi. Kwa miguu."

"Ubao hauoni miguu, Kaka Mfaume. Wakulima wananipigia simu tangu Jumamosi. Wanasema tumewafuta."

"Kibarua hakutakiwa kuigusa. Kadi iliyoshikwa na mtu haiguswi. Nilimwambia Dada Conso aiandike kwenye mwongozo."

Eli alifungua mwongozo, akaushusha mpaka chini, akaupandisha. Haikuwepo. Akanigeukia. "Conso, alikuambia?"

Feni ilikuwa inazunguka. Kuku mmoja alikuwa kwenye ukingo wa dirisha. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, na nilijua kwamba neno moja lingemaliza jambo lile na mimi pamoja nalo. Lakini sitaki kusema niliogopa tu, kwa sababu hofu ingekuwa nyepesi kuisamehe. Nilifanya kazi kichwani. Nilijiambia kwamba kumbukumbu ya binadamu si ushahidi, kwamba maneno yake kamili siwezi kuapa ninayo, kwamba rasimu haipo tena. Nilitafuta neno ambalo hakuna mtu anayeweza kulipinga, nikalipata.

"Sikumbuki," nikasema.

Mfaume akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayesaidiwa kutafuta kitu. Mimi nilikuwa mtu asiyesahau, kila mtu alijua hivyo, mimi ndiye niliyewakumbusha walichosema mwezi uliopita ili niwabane. Akapapasa mfuko wa shati kutafuta miwani asome daftari lake, akapapasa na mfuko wa suruali.

"Kaka Mfaume," Eli akasema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, "miwani iko kichwani."

Aliishusha. Akaikunja. "Basi huenda sikusema," akasema. "Huenda nilikusudia kusema."

Mkataba wake uliisha mwezi uleule na haukuongezwa. Siku ya mwisho alizunguka akitupa mkono, akamwambia Mama Grace kwamba meno yatabaki Kisarawe moja kwa moja sasa. Mimi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mdogo wangu, samahani kwa kukutaja pale." Nikamwambia hakuna shida. Nilisema hivyo hasa, hakuna shida. Akaondoka na pikipiki yake, na mwavuli wake mweusi ukabaki umening'inia kwenye kitasa cha dirisha. Nilirudisha sentensi yake kwenye mwongozo jioni ileile. Eli aliisifu, akasema inaonyesha tumejifunza. Daftari la bluu lilitumika kurekebisha orodha, kwa msimu ambao miche ilikuwa imeshakwisha, na mwaka uliofuata mradi ule ukapewa watu wengine. Kwenye ubao hakuna aliyeigusa ile kadi. Nilipoacha kazi ilikuwa bado upande wa kijani.

Mwavuli niliuchukua mimi. Nilisema nitampelekea, na nikimpelekea nitamwambia. Ulikuwa ndiyo sababu yangu, mzuri kwa kazi hiyo, kwa kuwa huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu na kusema jambo kama lile. Masika ya kwanza nilisema barabara ni mbaya. Masika ya pili nilikuwa nimebadili kazi. Ya tatu sikujisumbua kutafuta sababu. Mara mbili nilimpigia simu wakati wa Idi, tukacheka, akaniuliza kama bado nauliza maswali, nikamwambia yamepungua. "Yasipungue," akasema. "Mwenye maswali ndiye anayetusaidia sisi wasahaulifu." Nilidhani ni mzaha wetu wa zamani.

Nilifika Kisarawe siku ya tatu ya msiba, nimejifunga kanga na mtandio, mwavuli mkononi na jua linawaka. Wanaume walikuwa chini ya turubai, kisomo kilikuwa kimekwisha, masufuria ya wali yanafunuliwa. Nilielekezwa jikoni. Bi Mwanaidi alikuwa pembeni kwenye kigoda, mdogo kuliko nilivyomwacha. "Shikamoo, shangazi. Pole na msiba." "Marahaba. Tumeshapoa, mwanangu." Alinitambua kabla sijajitambulisha. Nikampa mwavuli, nikasema ni wa Kaka Mfaume, aliusahau ofisini.

Aliupokea, akaufungua kidogo, akaufunga. Akatabasamu. "Huyu mtoto! Mwenyezi Mungu amrehemu. Usahaulifu wake ndio ulimponza. Kama lile la miche. Alikuja hapa akatuita wote tuliokosa, Mwalimu, kina Hamisi, akakaa chini kwenye mkeka katikati yetu, akasema, kosa ni langu, nilisahau kumwambia yule binti aandike. Alilia, unajua? Mtu mzima. Toka hapo kila masika akawa anakuja na miche aliyoiotesha mwenyewe kwenye vifuko, anatupandia. Mitatu kwangu, miwili kwa Mwalimu, inayobaki kwa wengine. Kwangu iliyoshika imejaza mashimo kumi."

Nilimwambia. Sikuwa nimejipanga, na sikuweka maneno yoyote ya kujikinga. Nilisema: hakusahau, shangazi, aliniambia tukiwa tunakula, nikaandika, kisha nikafuta mwenyewe, na nilipoulizwa nikasema sikumbuki.

Bi Mwanaidi hakunitukana. Sauti za wanawake waliokuwa wakipakua wali ziliendelea nyuma yetu, mmoja anauliza sahani za wanaume zimetosha. Alikuwa anatazama nje, upande wa shamba. Kisha akaniambia kwamba mara ya mwisho Mfaume kuja ilikuwa masika haya, kabla hajaugua. Alipanda, akanawa mikono, akakaa pale mlangoni, akamuuliza, "Shangazi, lile jambo umenisamehe?"

"Nikamwambia bado," akasema. "Nilikuwa namtania. Nikamwambia, bado mashimo mawili."